Rangi ya Nini?

Chumba changu cha kulala nilikipaka kijani kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi nzima, madirisha wazi, kichwa kikinigonga kwa harufu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kijani hutuliza mishipa na kuleta usingizi, na kwamba humfaa mtu mwenye mawazo mengi. Mawazo nilikuwa nayo tele, usingizi sikuwa nao. Hesabu ikaonekana rahisi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nalala kidogo kuliko mwanzo. Nikishtuka usiku najikuta nimeukabili ukuta, nakwaruza kwa ukucha pale pembeni mwa kitanda ambapo rangi ilikuwa imefanya kilengelenge. Nikalaumu godoro. Kisha mdogo wangu akaja kunitembelea, akasimama mlangoni mkoba ukiwa bado begani, akaangua kicheko.

"Dada, mbona umepaka rangi ya hospitali?"

Nikakaa kitandani, kimya. Alisema kweli, na haikuwa hospitali yoyote tu. Tulipokuwa wadogo tuliwahi kukaa sisi wawili kwenye benchi, mchana mzima mpaka taa zikawashwa, tukimsubiri baba atoke kwenye upasuaji. Kuta za korido ile zilipakwa rangi ya mafuta ya kijani nusu ya chini, nusu ya juu nyeupe. Nilipoegemea palikuwa na kilengelenge cha rangi, nami nilikikwaruza na kukikwaruza hadi plasta ikatokeza. Baba alipona, tunamshukuru Mungu. Ila vidole vyangu, kumbe, havikusahau.

Tangu siku hiyo siulizi tena rangi fulani "ina maana gani". Nauliza ni rangi ya nini.

Swali hili Kiswahili chenyewe kimekuwa kikituuliza siku zote, ni vile tumelizoea. Rangi zenye mizizi yake kamili ya kivumishi katika lugha yetu ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki, nyingi tumezikopa kwa vitu. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia imetoka kwenye kahawa, na machungwa, zambarau na manjano ni vitu unavyoweza kuvishika mkononi. Samawati ni mbingu. (Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, waliolinganisha maneno ya rangi ya lugha nyingi duniani, walionyesha kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi kwa kawaida huwa na hizo hizo tatu. Hatuko peke yetu.) Kwa hiyo Mswahili akikutajia rangi, mara nyingi anakutajia kitu. Majedwali ya tiba ya rangi yanayozunguka mitandaoni yanafanya kinyume: yanaivua rangi kitu chake, halafu yanaibandika sifa. Buluu ni amani, nyekundu ni nguvu, njano ni furaha. Amani ya nani?

Nisijifanye mjanja. Kabla ya kisa cha chumba niliwahi kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya rangi, nikalipa na nikafurahi. Aliniambia nichague vitambaa vitatu kati ya vingi alivyovitandaza, nikachagua, akanisoma: una uwezo mwingi ambao bado hujautumia; unaonekana jasiri nje lakini ndani unajitilia shaka; unawapenda watu ila kuna siku unataka upweke. Nilitoka pale nimeduwaa, nikamwambia kila mtu yule mama ana kipaji. Ikanichukua muda kujiuliza ni binadamu gani hapa duniani ambaye maneno yale hayamhusu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye peke yake, akawaomba wayape alama kati ya 0 na 5 kulingana na ukweli wake. Wastani ulikuwa zaidi ya 4. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, neno kwa neno.

Mtaalamu yuleyule aliniuzia taa yenye vioo vya rangi vya kubadilisha. Kioo cha buluu kwa homa, cha njano kwa tumbo, na kadhalika. Ninayo mpaka leo, inanifaa umeme ukiwa hafifu. Biashara hii ni ya zamani. Huko Marekani, katika miaka ya 1870, Jenerali Augustus Pleasonton aliandika kwamba mwanga uliopita kwenye vioo vya buluu ulinenepesha zabibu zake na mifugo yake, na watu wakakimbilia kuweka vioo vya buluu madirishani wakitarajia kupona kila kitu. Mwaka 1920 akaja Dinshah Ghadiali na mashine yake ya taa za rangi, akaiuza kwa miaka mingi, hadi mahakama ilipomtia hatiani mwaka 1947 kwa madai ya uongo kuhusu uwezo wake wa kutibu.

Lakini, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kuna mwanga wa rangi unaotibu kwelikweli. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward, ambaye alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto wachanga juani, alimwonyesha daktari mtoto mwenye ugonjwa wa manjano. Ngozi yote ilikuwa imefifia umanjano, isipokuwa kipande kimoja kilichobaki njano kabisa: pale shuka ilipokuwa imemfunika. Leo vitoto vya namna hiyo hulazwa chini ya taa za buluu, kwa sababu mwanga huo huibadilisha bilirubini, ile kemikali inayoleta umanjano kwenye ngozi, ikawa katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa. Kemikali inajulikana, mwanga unapimwa, damu inapimwa. Ukiambiwa rangi fulani inatibu ini au kisukari, uliza kinachopimwa ni nini. Kama hakuna, hiyo ni taa tu kama yangu.

Sasa niseme kilichonisaidia.

Nilinunua penseli za rangi za watoto, pakiti ya 12, na daftari la miraba. Kila usiku kabla ya kulala napaka mraba mmoja. Sharti ni moja: nipake kwanza, ndipo niandike. Mkono uchague kabla mdomo haujapanga uongo wake. Nikimaliza, chini ya mraba naandika "rangi ya..." na kukamilisha kwa kitu, kamwe si kwa hisia. Siandiki "rangi ya huzuni." Naandika "rangi ya maji ya ndoo ya kudekia." Naandika "rangi ya bahasha ile ambayo sijaifungua." Huzuni ni neno pana, unaweza kujificha ndani yake mwezi mzima. Bahasha iko pale mezani.

Wiki mbili za kwanza nilijiona mpumbavu, na miraba mingi niliipaka ilimradi. Usishtuke ikiwa hivyo kwako pia. Sikuona mchoro wowote, sikupata ufunuo. Kilichonigutusha kilikuwa kichongeo. Baada ya miezi mitatu hivi nilizipanga penseli mezani, zikawa kama meno ya mtoto anayeng'oka: njano karibu mpya, buluu imepungua kidogo, na kahawia imebaki urefu wa kifundo cha kidole. Kahawia! Rangi ambayo ungeniuliza ningesema wala siitumii. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa nikisoma maandishi ya chini ya miraba ya kahawia tu. Rangi ya viatu vya kuazima. Rangi ya kiti cha ofisini cha mgeni. Rangi ya mlango wa jirani nikibisha hodi sitaki. Karibu zote zilikuwa siku ambazo nilimwitikia mtu "ndiyo, hamna shida" huku moyo ukisema hapana. Hakuna jedwali la rangi lingeniambia hilo, maana kahawia yako wewe huenda ni ya kiti alichokuwa akikalia bibi yako na ikawa ndiyo raha yako kuu.

Jambo la pili nililigundua kwa vidole. Mimi huwaambia watu sina hasira, na kweli sipigi kelele. Miraba myekundu ilikuwa michache, nikajipongeza. Siku moja nikageuza ukurasa na mkono ukapita nyuma ya mmoja wao: karatasi ilikuwa imevimba upande wa pili, imekandamizwa kiasi kwamba mraba uliofuata ulikuwa na alama pia. Penseli ilikuwa imechana. Tangu hapo nasoma daftari kwa nyuma vilevile, kwa kupapasa. Pengine mkandamizo unasema zaidi ya rangi yenyewe. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani (kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban mwanamume 1 kati ya 12), na nadhani zoezi hili linawafaa hata wao, kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mchezo mmoja ninaopenda kumfundisha mtu anayeamini rangi iko ukutani na si kichwani. Kata kipande cha karatasi nyekundu, kiweke juu ya karatasi nyeupe, kikazie macho kwa nusu dakika bila kuyahamisha, kisha kiondoe. Kwenye weupe utaona doa la kijani-buluu likielea. Hakuna aliyelichora. Macho yamechoka na nyekundu, yanakulipa kinyume chake. Madoa hayahaya, pamoja na mng'aro wa nguo na kuta nyeupe, yaliwasumbua madaktari wa upasuaji walioinua macho kutoka kwenye damu, na mwaka 1914 Harry Sherman wa San Francisco akaamua kutumia kijani kwenye chumba chake cha upasuaji. Wengine wakamfuata, kijani kikatoka kwenye vyumba vya upasuaji kikaenea hospitalini. Nikicheka huwa nasema usingizi wangu uliibwa na huyo bwana.

Kuhusu nguo sina mengi. Nimevaa nyekundu kwenye usaili nikakosa kazi, nimevaa kijivu nikapata. Vaa kinachokukaa vizuri.

Mwanga, hata hivyo, usiupuuze, kwa sababu hapo rangi inaugusa mwili bila kupitia kumbukumbu. Mwaka 2002 watafiti walithibitisha kwamba kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na seli hizo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Zikiamshwa usiku, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hupungua. Nikapunguza taa kali nyeupe chumbani, nikaweka balbu yenye mwanga wa njano hafifu, na asubuhi natoka nje kabla sijashika simu. Hicho ndicho kilichonirudishia usingizi, pamoja na ukuta kupakwa upya. Simu niliigeuza iwe na mwanga wa njano usiku, nikaendelea kuiperuzi hadi saa saba. Njano hainyang'anyi mtu simu mkononi.

Wanaouliza waanze vipi huwa nawaambia wasinunue chochote kwanza. Tembea nyumbani kwako polepole, chagua kitu kimoja ambacho rangi yake unaikwepa na kimoja ambacho hukosi kukitazama, uliza kila kimoja ni rangi ya nini. Ukipata jibu la haraka, mfano "rangi ya furaha," uliza tena. Endelea mpaka kitokee kitu, mtu, au mahali. Wakati mwingine kinachotokea kinauma. Daftari si mahali pa kukimalizia peke yako, mtafute unayemwamini. Na ukiona miraba inakuwa mieusi au mitupu zaidi ya wiki mbili, huli vizuri, hulali, hakuna kinachokupa raha, nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Lichukue daftari ukipenda. Mimi niliwahi kulichukua, na liliniokoa kwenye lile swali la kwanza ambalo huwa silijui jibu lake: ilianza lini?

Chumba sasa ni rangi ya karatasi ya kufungia vifurushi, isiyo na jina zuri. Nyuma ya kabati nimeacha kijani kiasi cha kiganja, sijui kwa nini.

Mdogo wangu naye ameanza daftari lake, kwa kunicheka kwanza. Wiki iliyopita alinionyesha kurasa zake, na katika ule wa tatu nikakiona kijani kilekile, cha mafuta, hakikosei. Nikajiandaa kumpa pole. Chini yake alikuwa ameandika: rangi ya yule muuguzi aliyenifunika shuka nikalala mapajani mwake.

Simkumbuki muuguzi yeyote.