Mtoto kashushwa timu ya chini? Mwangalie Yibbi Jansen kwanza

Dada mmoja wa Almere kaniandikia inbox juzi, binti yake anacheza hoki (ya magongo ya nyasini jamani, sio ya barafu) na klabu imemwambia msimu ujao yuko timu ya tatu. Anauliza amhamishe au amwachishe kabisa. Shoga yangu, nakuelewa sana. Huku Uholanzi kila mwisho wa msimu watoto wanapangwa upya, na wewe mzazi uliyeshika zamu ya kuuza kahawa kantini kwenye baridi ile unaletewa barua pepe ya mistari miwili basi.

Wangu alishushwa, marafiki zake wote wakabaki juu. Mama mmoja pembeni ya uwanja akaniambia eti labda riadha itamfaa zaidi, "nyie mna mbio". Nilicheka tu. Mpaka leo nikimwona supamaketi nageukia upande wa mboga.

Sasa tuje kwa Yibbi, mchezaji hoki wa timu ya taifa ya Uholanzi. Kazaliwa 1999, baba yake ni Ronald Jansen, golikipa wa hoki mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, 1996 na 2000. Ukizaliwa nyumba hiyo watu wanadhani njia imeshafagiliwa. Lakini ile Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021 Uholanzi wanabeba dhahabu na jina lake kwenye kikosi halimo, kona za penalti (ile nafasi ya kushambulia, mpira unaanzia mstari wa goli) zilikuwa na mpigaji wake, Caia van Maasakker, na kocha alikuwa Alyson Annan. Hapo katikati naruka, ni mazoezi na mazoezi. Paris, 9 Agosti 2024, fainali, China wanafunga mapema kabisa, Wadachi wanahaha mpaka robo ya mwisho, inapatikana kona, Yibbi anasawazisha! Kisha wakashinda 3-1 kwenye mikwaju ya kuamua. Na kwenye benchi la China kakaa nani? Annan huyohuyo. Binti kamaliza mashindano na mabao 9, mfungaji bora, halafu akatajwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka ule. Lile bao nilirudia kuliangalia mpaka simu ikaisha chaji.

Anachofanya yeye ni kuuvuta mpira kwa gongo ukiwa chini kisha anaurusha, haupigi. Kwenye kona ya penalti ukipiga shuti la kwanza kwa nguvu lazima liingie golini chini ya sentimita 46, yaani usawa wa ule ubao wa chini ya goli, ila ukirusha unaruhusiwa kwenda hata juu kabisa. Ndo maana mrushaji mzuri ni lulu, na ndo ushauri wangu mkubwa, mtoto awe na kitu kimoja ambacho kocha hawezi kujifanya hakioni.

Ila kurusha vile kunaumiza mgongo wa mtoto, sisi tukachagua kuanzisha kona. Yule anayesimama mstari wa nyuma na kuusukuma mpira mpaka nje ya duara, lile eneo la mbele ya goli. Hakuna anayeitaka hiyo kazi, haina picha wala haina shangwe, lakini mpira ukifika taratibu mabeki wanakuwa wameshafika nao na kona imekufa. Tulikuwa tunaenda uwanja ukiwa mtupu, yeye anasukuma mimi naokota, mvua inanyesha, mgongo wangu ndo ulioumia kwa kweli. Kitu kimoja tu, kila siku hichohicho. Mwaka huu karudi timu ya kwanza, na kona zote anaanzisha yeye, na yule mama wa riadha anapiga makofi kama wengine.

Kwa hiyo dada usimhamishe kwa hasira. Ubaguzi upo sikatai, nimeuonja, ila kwanza jua anakosa nini, na usiulize wewe, aulize mwenyewe. Wangu alimfuata kocha akamuuliza kwa Kiholanzi chake, akajibiwa palepale kwamba akigeuka anachelewa, jibu ambalo mimi nisingepewa hata ningeandika barua pepe kumi. Tuache kuwapigania kila kitu hawa watoto, tuwaache waulize, na tukae kimya pembeni ya uwanja. Mnaopiga kelele "kimbia we, umelala?" kwa Kiswahili mkidhani hakuna anayeelewa, mtoto anaelewa.