Pima presha kabla ya kununua vidonge vya usingizi

Subiri kwanza, ndugu yangu. Umeuliza diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, imezwe kiasi gani, kwa kuwa tangu mwaka jana usingizi wako hauzidi saa nne na kesho unashuka sokoni Kadutu kuinunua. Usinunue chochote kabla hujapima presha.

Mimi niliinunua hapa hapa Bukavu, wakati mshahara ulipokuwa hauji na kila mlio wa nje ulinikalisha kitandani nikisikiliza. Aliyeniuzia alivaa koti jeupe, ambalo sijui kama alilipata shule ya uuguzi au kwa fundi cherehani. Alinikatia vidonge kwa mkasi, bila karatasi ya maelezo, hakuniuliza umri wala hakunishika mkono, akasema tu, "Kimoja kila jioni, utalala kama mtoto." Nililala kweli, na kwa sababu nililala nikajiona nimepona.

Kumbe mwili wenye wasiwasi wa muda mrefu huendelea kumwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukabili hatari, hata pasipo hatari, moyo ukaenda mbio na mishipa ikabana. Usiku presha ya mtu anayelala vizuri hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na asiyelala huikosesha mishipa yake nafuu hiyo. Kidonge kilinifumba macho tu. Kichwa kilipouma nililaumu jua. Nilipohema mlimani nikalaumu mlima, maana Bukavu mlima haukosekani wa kulaumiwa.

Siku vidonge vilipoisha na fedha nazo zikaisha, niliacha ghafla. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, na usingizi ukapotea kuliko mwanzo, hata nikapelekwa hospitali. Muuguzi alinifunga kitambaa cha kipimo, akatazama, akakihamishia mkono wa pili bila kusema neno, ndipo akatamka: 17 kwa 11, yaani 170 kwa 110. Daktari alikasirika nilipomweleza nilivyotumia diazepamu, kwa sababu dawa hiyo ni ya majuma machache tu, na aliyekwisha kuizoea hupunguziwa polepole, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Bili ililipwa kwa kuuza pikipiki yangu, na sasa napanda kwa miguu, jambo ambalo daktari analiita mazoezi. Yule wa koti jeupe bado yuko palepale, na bila shaka analala vizuri sana.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupimwa. Kaa dakika 5 kimya, umeegemeza mgongo, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Ikitoka 14 kwa 9 (yaani 140 kwa 90) au zaidi, rudia siku nyingine, uandike namba zote, kisha umpelekee daktari karatasi hiyo, na yeye ndiye aamue kama unahitaji kidonge. Akikuandikia, muulize papo hapo utakiacha lini na kwa utaratibu gani.