Mlezi wa makao, tafuta wenzako kabla hujabanwa

Muuguzi akiamriwa na bosi wake achome sindano ambayo haikuandikwa na daktari, ana jibu fupi: nitanyang'anywa leseni. Hahitaji kuwa jasiri ili alitoe. Nyuma yake kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, kuna rejista yenye jina lake, na kuna mwongozo wa maadili ambao hata bosi anaujua. Sasa mtazame mama mlezi kwenye makao ya watoto, Moshi au Bagamoyo, anayeagizwa kufanya jambo analoona wazi kwamba litamuumiza mtoto. Yeye atajibu nini? Hana leseni wala baraza. Mara nyingi hana hata mkataba wa maandishi. Ana dhamiri yake tu, na mwisho wa mwezi kuna kodi ya nyumba.

Nimekuwa mlezi wa makao mkoani Kilimanjaro kwa miaka mingi, na siku hizi nawafundisha walezi wanaoanza. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nikasome kozi gani? Kozi ni muhimu, na mwenye uwezo wa kwenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama aende. Ila mimi huanza na swali jingine: nje ya makao unayofanyia kazi, una walezi wangapi unaoweza kuwapigia simu leo ukiwa umebanwa? Kama hakuna, anza hapo: tafuta wenzako mjenge chama cha walezi. Nimewaona watu wenye roho nzuri na elimu ya kutosha wakilegeza msimamo mwaka baada ya mwaka kwa sababu walikuwa peke yao.

Kazi yetu ina ugumu wake. Daktari hukutana na mtoto chumbani kwake kwa dakika kadhaa, na mwalimu humwona darasani. Sisi tuko naye anapoamka, anapooga, anapogombania kijiko, anapokojoa kitandani, anapoota ndoto mbaya saa nane za usiku. Malezi yenyewe yamo humo humo. Basi na maadili yetu yanajaribiwa kwenye mambo ambayo hakuna anayeyaandika kwenye ripoti: nani anamwogesha mtoto wa miaka tisa, mlango ukiwa wazi au umefungwa; mtoto aliyegoma kula anaachwa au anatishwa; zawadi ya simu unayotaka kumpa binti mmoja uwape na wengine au uache; kijana aliyeondoka makao akikuomba hela usiku unampa wewe kama wewe, au unamrudisha kwa afisa ustawi. Mambo kama hayo huamuliwa kwa sekunde, na ukiwa huna wa kuongea naye unajikuta umeyazoea kwa namna yako, iwe nzuri au mbaya.

Niseme kuhusu wageni wa Jumamosi, kwa sababu hapo ndipo walezi wengi wanapobanwa. Wageni hushuka na katoni za soda, biskuti na sabuni. Watoto wamevalishwa zile nguo zinazotunzwa stoo kwa ajili ya siku hiyo, na wamepangwa kuimba. Makao moja niliyoyafahamu, baada ya wimbo meneja alimwita mtoto wa darasa la tatu asimame aeleze baba yake alivyokufa. Mgeni mmoja alikuwa ameshainua simu anarekodi. Yule mtoto alisimama akivuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa sweta yake, akimtazama mama yake mlezi. Mama yule akasema kwa upole, mbele ya wote, "Leo hapana, bosi. Huyu wiki hii halali usingizi." Akamshika mkono wakatoka. Jioni, jikoni, meneja alimuuliza: "Wewe nani wa kunipangia?" Ratiba ya mwezi uliofuata ikatoka, na zamu zake karibu zote zilikuwa za usiku.

Huyo mama alikuwa sahihi, na sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika jambo lolote linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo haimruhusu kila mwenye simu kuchukua na kusambaza habari za mtu apendavyo. Wapo watakaosema mtoto mwenyewe alikubali. Mtoto anayekula kwa mkono wa anayemwomba hawezi kukataa kwa uhuru. Ridhaa ya namna hiyo tusiitegemee. Lakini nani atasimama jikoni na kumsomea bosi vifungu? "Wewe nani" lilikuwa swali la kweli, na mtu mmoja hawezi kulijibu akasikilizwa.

Sasa ona tofauti. Tuseme walezi wa makao sita za mji mmoja wana chama. Mapema mwakani, kabla ya msimu wa wageni, kila meneja anapokea barua moja yenye mhuri: wanachama wetu hawamsimamishi mtoto kusimulia msiba wake mbele ya wageni, na hawasaidii kupiga picha za sura za watoto kwa ajili ya kuchangisha fedha, mgeni anayetaka kujua kazi ya makao ataelezwa na uongozi, bila jina wala historia ya mtoto. Nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Siku ya tukio mama mlezi hana haja ya kubishana. Anasema, "Bosi, ile barua ya chama." Haonekani mkaidi, na meneja naye anapata la kumwambia mfadhili bila kuona aibu. Nimeliona hili likifanya kazi, na mameneja wengine walishukuru, maana nao walikuwa wanabanwa kutoka juu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto anakuja usiku, wenzake wamelala, anakuambia: "Mama, nikikwambia usimwambie mtu." Usimwahidi. Nawafundisha walezi wakariri jibu hili mpaka litoke bila kufikiri: "Nitakusikiliza. Kama ni jambo linalokuumiza wewe au mwenzako, nitamwambia mtu anayeweza kulizuia, na nitakwambia wewe kwanza ni nani." Halafu sikiliza, usimhoji kama polisi, na andika maneno yake yalivyo siku hiyo hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo mlezi asijidanganye kwamba mazungumzo hayo yatampita.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ipo namba 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Njia zipo, basi. Kinachowashinda watu ni pale mtuhumiwa anapokuwa mlezi mwenzao, au ndugu wa mwenye makao. Ndani ya makao kila karatasi hupita kwa meneja. Unaogopa kumharibia mtu jina, unaogopa kazi yako, unaogopa pia kwamba labda umeelewa vibaya. Saa hiyo unahitaji mtu wa nje anayeijua kazi, akakwambia: ulichosikia kinatosha, ripoti, naenda na wewe kesho asubuhi. Chama kiwe na watu wawili wanaojulikana kwa kila mwanachama kwa kazi hiyo, na simu zao ziwake. Na ieleweke tangu siku ya kwanza kwamba chama hakimlindi mwanachama anayemuumiza mtoto. Chama kikianza kufunika ya wenzake, bora kisiwepo.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametangulia mbali. Chama chao cha kitaifa cha wafanyakazi wa malezi ya watoto, NACCW, kilianzishwa mwaka 1975. Kilianza kwa kuwakutanisha walezi na kuwafundisha, kikasukuma kazi hii itambuliwe kuwa taaluma, na leo mlezi wa watoto na vijana kule husajiliwa na baraza lile lile la taaluma za huduma za jamii linalowasajili maafisa ustawi, akiwa na kanuni za maadili anazowajibika kwazo. NACCW ndiyo pia iliyobuni mpango wa Isibindi, ambapo watu wa kijijini hufundishwa kuwatembelea watoto walioachwa wenyewe na UKIMWI na kuwalea wakiwa kwao, bila kuwahamishia makao. Ukimya wa walezi usingezaa hayo.

Amerika Kaskazini nako walezi walikubaliana kuhusu kanuni zao mwaka 1995, na mpangilio wake naupenda kwa kufundishia. Zinaanza na wajibu wa mlezi kwa nafsi yake, ndipo zije kwa mtoto na familia, kwa mwajiri, kwa taaluma na kwa jamii. Walezi wetu wengi hushangaa kuona nafsi imetangulia. Lakini mlezi aliyekaa zamu mbili mfululizo bila usingizi ndiye atakayempiga kofi mtoto aliyemwaga uji. Kupumzika kumo ndani ya maadili ya kazi, na mwajiri anayemnyima mlezi siku ya mapumziko anamhatarisha mtoto.

Hapa Tanzania tuna TASWO, chama cha wataalamu wa ustawi wa jamii. Mwenye sifa ajiunge, wala asisite. Shida ni kwamba wengi wanaolala na watoto usiku, mama walezi, mapatroni, wapishi wanaogeuka walezi saa kumi na mbili jioni, hawana cheti cha ustawi wa jamii, na hujiona hawahusiki. Kuna vyama vya wafanyakazi kama CHODAWU, na hivyo ni vya kudai mshahara na mkataba. Usivichanganye na chama cha taaluma: kimoja kinauliza umelipwaje, kingine kinauliza umemtendeaje mtoto. Mlezi anavihitaji vyote viwili.

Kama mjini kwenu hakuna kitu, usisubiri cha kitaifa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Makao zote zilizosajiliwa anazo kwenye orodha. Omba akukutanishe na walezi, akazane waje walezi wenyewe na si wenye makao. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mikutano ikijaa wakurugenzi, na mama walezi wanakaa nyuma kimya wakingoja chai. Wenye makao wawe na jukwaa lao, tukutane nao kwa mazungumzo.

Mkutano wa kwanza msiandike katiba. Kila mmoja aseme jambo moja lililomkosesha usingizi kazini, bila kutaja jina la mtoto wala kitu kitakachomtambulisha. Wekeni sharti hilo hata kwenye kundi la WhatsApp: hakuna picha ya mtoto, hakuna jina, hakuna "mnamkumbuka yule wa kitanda cha dirishani". Anayekosea anaambiwa afute hapo hapo. Kutokana na mliyoyasikia, andikeni ukurasa mmoja wa mambo mnayoahidiana: adhabu, kuogesha, picha, zawadi, siri, kutembelewa na watoto nyumbani kwako. Ukurasa ulioandikwa na walezi wenyewe kwa Kiswahili cha jikoni utasomwa. Mwongozo wa kurasa sitini uliofadhiliwa na shirika huishia kabatini.

Usajili utafuata. Mnaweza kuanza kama kikundi cha kijamii kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na mkikua mfuate njia ya Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mchango uwe mdogo ambao mpishi anauweza. Tena mchunge jambo hili: vikundi vyetu hupenda kugeuka vya kuweka na kukopa na kuzikana. Hayo ni mema, yafanyeni, ila baada ya ajenda ya watoto kwisha. Kila kikao kianze na jambo moja gumu la kazini na mlijadili mpaka mpate la kumshauri mwenzenu.

Mwisho, wekeni kitini mtu aliyekulia makao. Kenya, watu waliolelewa kwenye makao wana chama chao, KESCA, tangu mwaka 2009, na wamesikika katika mazungumzo ya kupunguza kutegemea makao na kuwarudisha watoto kwenye familia. Kila mji wetu una vijana wa namna hiyo, wengine madereva bodaboda, wengine walimu. Wanajua mlezi yupi alikuwa anagonga mlango kabla ya kuingia na yupi hakugonga. Mpeni mmoja au wawili nafasi kwenye kamati ya maadili, wapige kura kama wengine, na nauli mwalipie.