Ndege ya injini mbili, ndege ya doria: "ya" ipi inashika nini?

Msomaji anayetafsiri makala za mambo ya anga ameniandikia hivi: "Nina sentensi inayohusu ndege ya CN-235. Mimi niliandika 'ndege pacha-injini ya kijeshi ya usafiri na doria ya bahari'. Mwenzangu akairekebisha ikawa 'ndege ya jeshi ya injini mbili ya usafirishaji na doria ya baharini'. Mhariri naye akaja na 'ndege ya kivita'. Ipi ni sahihi? Zikiwa nyingi nasemaje? Na parapela, ile inayozunguka mbele ya injini, tuiite nini?"

Ndugu msomaji, tuitazame kwanza ndege yenyewe, maana ukishajua kazi yake, maneno yanachagulika kwa urahisi zaidi. CN-235 ni matunda ya ubia wa kampuni ya ndege ya CASA ya Hispania na kiwanda cha Indonesia ambacho wakati huo kiliitwa Nurtanio. Ndiko zilikotoka herufi C na N katika jina lake. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 1983. Mabawa yake yamekaa juu ya kiwiliwili, kila bawa lina injini moja ya General Electric ya aina ya CT7, na kule mkiani kuna mlango mpana unaoteremka hadi chini. Hapo ndipo gari hupandia, na ndipo askari wa miamvuli hurukia. Hiyo ndiyo ya uchukuzi. Ile ya doria umbo lake ni lile lile, ila imefungwa rada ya kutazama bahari pamoja na kamera, na ndani wameketi watu mbele ya skrini wakitafuta meli ya magendo, mafuta yaliyomwagika au mashua iliyopotea.

Sasa "ya kivita". Hapa mhariri ameteleza, na si yeye peke yake. Vichwa vya habari vimejaa kosa hili. Ndege ya kivita ni ile iliyoundwa kupigana, yenye silaha zake. Ndege ya kijeshi ni yoyote ya jamii ya vyombo vya jeshi, hata kama inabeba magodoro na dawa. Kila ndege ya kivita ni ya kijeshi, lakini si kila ya kijeshi ni ya kivita. CN-235 ya kawaida haina silaha, kwa hiyo ni ya kijeshi tu. Jordan iliwahi kuzigeuza CN-235 mbili zikafungwa mzinga mdogo ubavuni, na hizo ndizo ningeziita za kivita bila kusita. Tofauti hii naishikilia sana, kwa sababu msomaji akiambiwa ndege ya kivita ya nchi jirani imeonekana karibu na mpaka, moyo wake unashtuka kwa namna nyingine kabisa kuliko akiambiwa ni ndege ya kijeshi ya mizigo.

"Ya jeshi" nayo ina maana yake. Inataja mwenye mali. Ndege ya jeshi ni ile inayomilikiwa na jeshi; ndege ya kijeshi ni ya aina hiyo, awe nayo nani. Shirika la uokoaji baharini la Hispania linarusha CN-235 zake, na shirika hilo ni la kiraia. Hizo huwezi kuziita za jeshi. Mtu anayesimulia kazi zake asiziite hata za kijeshi; aseme "ndege za uokoaji" na iishie hapo.

Tuingie kwenye kiini cha swali lako, ambacho naona umekigusa bila kukitaja: kile kimbunga cha "ya". Ndege ya, ya, ya, ya. Kiswahili hakikatazi kupanga viunganifu vingi, na lugha yetu imejaliwa kitu ambacho lugha nyingi hazina: kiunganifu chenyewe kinamwambia msomaji kinamfuata nani. Chukua mfano huu. "Ndege ya uchukuzi wa kijeshi" na "ndege ya uchukuzi ya kijeshi". Katika wa kwanza, "wa" imeshika uchukuzi, na uchukuzi ndio wa kijeshi. Ndege yenyewe yaweza kuwa ya kampuni ya raia iliyokodiwa kupeleka chakula kambini. Katika wa pili, "ya" imeruka uchukuzi ikarudi kwa ndege, na sasa ndege ndiyo ya kijeshi. Silabi moja imebadilika na aina ya ndege nayo imebadilika.

Mfano mwingine naupenda zaidi, kwa kuwa unaihusu bahari. "Ndege ya jeshi la majini" ni ndege inayomilikiwa na wanamaji, iwe inatua popote. Andika "ndege ya jeshi ya majini" na umepata kitu kingine: ndege ya jeshi ambayo hutua na kuruka kwenye maji. Uturuki ina CN-235 za jeshi la majini, na zote zinatua kwenye lami kama ndege nyingine. Mwandishi akiweka "ya" mahali pa "la" ameziotesha maboya miguuni.

Tatizo linaanza pale majina yote yanapokuwa ya ngeli moja. Ndege ni I-ZI, doria ni I-ZI, injini ni I-ZI. Ukisema "ndege ya doria ya baharini", ile "ya" ya pili inaweza kushika doria au kushika ndege, na umoja hautakusaidia kujua. Nina kipimo ninachokitumia kila mara: iweke sentensi katika wingi uone itapasukia wapi. "Ndege za doria ya baharini" ni ndege ambazo doria yake ni ya baharini. "Ndege za doria za baharini" zinaelekea kusomeka kama ndege za baharini ambazo zinafanya doria, tukarudi kwenye maboya. Utaniambia kwamba doria nazo zaweza kuwa nyingi, kwa hiyo "za" ya pili ingeweza kuwa yake. Kweli, na ndiyo sababu ninashauri utoke kabisa kwenye mtego huo kwa kutumia kitenzi: "ndege ya kupiga doria baharini", "ndege za kupiga doria baharini". Hapo "baharini" imeshikamana na kupiga doria, na hakuna msomaji atakayepotea. Kama kitenzi "kupiga" hukipendi, sema kufanya doria au kushika doria. Vyote vitatu vinasikika kwa wenye lugha, na hakuna kilicho bora kuliko mwenzake.

Wewe uliandika "doria ya bahari". Si kosa la sarufi, lakini lile -ni lina kazi. Doria ya bahari ni kama bahari ndiyo inayolindwa. Doria ya baharini inataja mahali inapofanyika. Ndege hizi zinatafuta vitu vilivyo baharini, kwa hiyo -ni ibaki.

Kuhusu usafiri, usafirishaji na uchukuzi, nitakuwa mfupi. Usafiri ni kwenda kwa watu. Hata anayetembea kwa miguu yuko safarini. Usafirishaji ni kumwendesha mtu au kitu kutoka hapa hadi pale, na neno hilo linafaa. Uchukuzi limetoka kwenye kuchukua, kubeba, nalo linakumbatia watu na mizigo kwa pamoja; ndiyo maana hata wizara za nchi zetu zimelichagua. CN-235 hubeba wanajeshi zaidi ya 40 leo na makreti kesho. Mimi ningeandika uchukuzi.

Haya, injini. "Pacha-injini" liache. Kiswahili hutanguliza kinachoelezwa ndipo kikaleta maelezo, na hapo wewe umeyatanguliza maelezo. "Injini pacha" ina mpangilio mzuri, ila neno pacha kwetu lina kushikamana ndani yake. Ndizi pacha ni zile zilizoungana ganda. Na ajabu ni kwamba ndege ya namna hiyo imewahi kuwako: Fairey Gannet ya jeshi la majini la Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1949, ilikuwa na injini iliyoitwa Double Mamba, yaani injini mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu puani mwa ndege, kila moja ikizungusha pangaboi lake. Rubani akiwa doria aliweza kuizima moja ili mafuta yadumu. Hiyo ningeiita ndege ya injini pacha kwa moyo mweupe. CN-235, ambayo injini zake ziko kila moja kwenye bawa lake, ni ndege ya injini mbili.

"Ya injini mbili" au "yenye injini mbili"? Zote mbili sahihi, lakini hazifanyi kazi moja. "Ya" inataja aina: kuna ndege za injini moja, za injini mbili, za injini nne. "Yenye" inaeleza sifa ya hiyo uliyoishika mkononi. Kwa hiyo katika kumtambulisha msomaji ndege asiyoijua, "yenye" inakaa vizuri zaidi, na ina faida ya pili: inavunja mfululizo wa "ya, ya, ya" ambao ulikuwa unamchosha.

Kwenye wingi kuna jambo ambalo wafasiri wengi hulipita. Kuanzia mwaka 1994 Ireland ilitumia CN-235 mbili kulinda maeneo yake ya uvuvi. Ukiandika "ndege mbili zenye injini mbili", msomaji makini anaweza kusita: jumla ni injini mbili au nne? Kiswahili kina dawa ya hilo, nayo ni kurudufisha: "ndege mbili zenye injini mbili mbili". Kila moja ina zake mbili. Ukitumia "za" huhitaji kurudufisha, kwa sababu "ndege mbili za injini mbili" inataja aina, na aina haigawanywi.

Sijasahau ile "na". Katika "ndege ya uchukuzi na doria ya baharini", je, uchukuzi nao ni wa baharini? Kwa masikio yangu sentensi inaacha mlango wazi. Rudia kiunganifu: "ndege ya uchukuzi na ya kupiga doria baharini". Sasa kila kazi imesimama kwa miguu yake. Katika wingi ujihadhari, kwani "ndege za uchukuzi na za doria" inaweza kumaanisha makundi mawili, haya ya mizigo na yale ya doria. Mara nyingi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Walinzi wa pwani wa Marekani, kwa mfano, walichukua CN-235 na kuipa jina lao la HC-144 Ocean Sentry, wakapata 18, nazo ni za kupekua bahari na kuokoa watu. Na angalia hapo: "walinzi wa pwani wa Marekani" ni kikosi cha Marekani, popote kilipo, "walinzi wa pwani ya Marekani" ni wale wanaoilinda pwani hiyo, hata wakiwa wa kukodiwa.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "CN-235 ni ndege ya kijeshi yenye injini mbili, ya uchukuzi na ya kupiga doria baharini." Ile koma baada ya "mbili" usiiondoe. Ndiyo inayozuia "ya uchukuzi" isiangukie kwenye injini. Na kama makala yako ni ya kusimulia, si ya kamusi, legeza zaidi: "CN-235 ina injini mbili. Jeshi huitumia kubeba askari na mizigo, na nyingine zimeundwa kupiga doria baharini." Hapo hakuna kiunganifu hata kimoja cha kugombaniwa.

Mpatanisho wa jina lenyewe usikusumbue. CN-235 imepaa, CN-235 hizi zimepaa, kwa sababu nyuma ya namba kuna neno ndege, na ndege ya chuma ni ya I-ZI. Nimeona mahali wameandika "ndege wa doria". Ndege wa doria ni mwenye manyoya. Hapa "wa" ikiingia tu, chombo kinageuka kiumbe, na msomaji atangoja kusikia kama ana kiota.

La mwisho ni parapela. Neno hilo lipo na linaeleweka. Kamusi zinakupa pia rafadha, neno zuri la mabaharia, nami nalitumia kwa meli, kwa kuwa huko ndiko lilikokulia. Kwa ndege naandika pangaboi, wingi mapangaboi, ambalo msomaji analijua tangu feni ya darini. Injini za CN-235 ni za tabo, yaani zenye gurudumu la mapanga ndani linalozungushwa na hewa ya moto, lakini moto wake kazi yake kubwa ni kuzungusha mapangaboi, si kuisukuma ndege kwa moshi wa nyuma kama jeti. Ukitaka kutofautisha, sema "ndege ya mapangaboi" kwa hii na "ndege ya jeti" kwa ile. Rubani na fundi wote watakuelewa.