Maswali yenu: "exactly", "precise", "sharp" na wenzake

Kamusi yangu inafasiri "accurate" na "precise" kwa neno moja tu, sahihi. Tofauti iko wapi?

Katika maongezi ya kawaida haisumbui. Kwenye vipimo ni jambo jingine: "accurate" ni kukaribia thamani ya kweli, "precise" ni vipimo kukaribiana vyenyewe kwa vyenyewe. Weka jiwe la mizani la gramu 1,000 mara tatu. Mizani ikisoma 1,048, 1,049 na 1,048, ni "precise" lakini si "accurate". Pengine haikurudishwa kwenye sifuri. Nyingine ikisoma 985, 1,012 na 1,003, wastani ni 1,000 barabara, ila namba zenyewe zimetawanyika. Kupima mara nyingi na kutafuta wastani kutaisaidia hii ya pili. Ile ya kwanza, hata ukipima mara mia, itazidisha vilevile.

Wanaoandika ripoti za maabara wajue kwamba kiwango cha kimataifa cha usahihi wa vipimo, ISO 5725, huuita ukaribu wa wastani na thamani ya kweli "trueness", na "accuracy" hapo hubeba yote mawili, yaani "trueness" pamoja na "precision".

Niliandika "Tell me the exactly time", nikasahihishwa. Kosa ni nini?

"Time" ni nomino, inataka kivumishi: "the exact time". "Exactly" ni kielezi, hutangulia namba au maneno kama "when" na "where": "exactly two kilos", "Tell me exactly when it starts". Inaweza pia kufuata neno la kuuliza, "What exactly do you want?", lakini hiyo itumie kwa uangalifu. Ukiitamka kwa mkazo, inasikika kama unagomba.

"Tuonane saa mbili kamili asubuhi" nitasemaje?

"Let's meet at eight o'clock sharp." Kwanza geuza saa: mbili yetu ni "eight" yao, na wengi huteleza hapo kabla hata ya kufika kwenye "kamili". Kisha "sharp" ikae baada ya saa; "at sharp eight" ni kosa. "On the dot" nayo hukaa mwishoni: "at eight on the dot". Usiandike "around eight sharp", kwa kuwa "around" inaruhusu dakika za kuchelewa na "sharp" inazikataa. Halafu "sharp" ya namna hii ni ya saa peke yake. Mita tatu kamili ni "exactly three metres".

Mtu akijibu "Not exactly", amekubali au amekataa?

Amekataa kwa adabu. Ukiuliza "Have you finished?" ukajibiwa hivyo, kazi bado ipo. Mbele ya sifa huwa kejeli: "He's not exactly generous" ni kusema jamaa ni bahili.

Mwalimu anasema 2.5 m na 2.50 m si sawa. Kweli?

Thamani ni moja, ahadi ni tofauti. Kwa ukadirishaji wa kawaida, 2.5 inaahidi kwamba urefu uko kati ya 2.45 na 2.55, na 2.50 inaahidi kati ya 2.495 na 2.505. Kiingereza chake ni "to one decimal place" na "to two decimal places". Hiyo ya pili, kwa mita, unaweza pia kuiita "to the nearest centimetre". Kwa hiyo usiongeze sifuri ambayo hukuipima, na kikokotoo kikikupa 2.4986731 kutokana na futi ya kupimia yenye alama za sentimita, andika 2.50.