54 au 56? Usianze na kiti

Wengi wetu hapa Tororo tulijifunza kwa baiskeli nyeusi ya mzee, gurudumu la inchi 28, mguu umepitishwa chini ya bomba kwa sababu kiti hatukifikii. Labda ndiyo maana anayekuja kununua baiskeli ya mbio iliyotumika huuliza jambo moja tu: miguu itafika? Nami niliuliza hivyo hivyo. Nikapewa fremu ya 58, yaani saizi kwa sentimita, nikaipanda, nyayo zikagusa chini, nikalipa. Kabla sijafika Bugiri vidole vimekufa ganzi na shingo imekakamaa. Mikono ndiyo haikufika.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukisita kati ya saizi mbili, tuseme 54 na 56, acha kiti kwanza. Kiti hupanda na kushuka. Chukua futi, pima kutoka katikati ya fimbo ya kiti hadi katikati ya bomba fupi la mbele, lile lililo chini ya usukani, futi ikiwa imelala sawasawa hata kama bomba la juu limeinama. Namba iliyobandikwa usiitegemee: mtengenezaji mmoja hupima hadi ncha ya bomba la kiti, mwingine hadi pale linapokutana na bomba la juu.

Mimi mara nyingi humpa mtu ndogo. Stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ikiongezwa sentimita moja, fremu ndogo inamtosha. Kubwa ukiifungia stemu fupi mno, usukani unakuwa mwepesi, unayumba kwenye mteremko. Ila mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, au mgongo mgumu, fremu ndogo itamwacha kiti kiko juu na usukani uko chini kabisa. Huyo mpe kubwa.

Sasa kiti. Vua viatu, egemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kigote juu, pima kutoka hapo hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82, juu ya kiti kutakuwa kama 72.4 kutoka katikati ya ekseli ya krenki, pale mikono ya pedeli inapozungukia. Hapo ni pa kuanzia tu. Panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu. Badilisha milimita 5, endesha siku mbili, ndipo uguse tena. Na usisogeze kiti mbele eti usukani uko mbali. Hiyo ni kazi ya stemu, kiti ni cha magoti.

Fimbo ya kiti ina alama ya mwisho wa kupandisha, usiivuke. Na kabla hujalipa, legeza skrubu uone kama fimbo inazunguka. Mteja wangu mmoja alileta fremu ya chuma yenye fimbo ya alumini iliyogandia ndani kwa kutu. Tulimwaga mafuta, tukalaza usiku, tukagonga kwa nyundo, mwishowe tukaikata kwa msumeno vipande vipande. Fremu yenyewe ilikuwa saizi yake kabisa.