UTI inayorudi rudi: nilitibiwa mara nne ndipo nikapimwa vizuri

Dada, umesema hii ni mara ya tatu unaugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tangu mwaka uanze: mkojo unachoma, unaenda msalani kila baada ya dakika kumi na kinachotoka ni matone, ukimeza vidonge siku mbili unapata nafuu, mwezi haujaisha imerudi. Umeuliza kama umeitoa kwenye choo cha kazini, kama mumeo naye atibiwe, na kama umalizie vidonge alivyobakiza shoga yako. Nimepita humo humo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Choo kiache kwanza. Kwa kawaida mdudu anatoka tumboni mwako mwenyewe. Zaidi ya robo tatu ya UTI za kawaida husababishwa na bakteria anayeitwa E. coli, ambaye utumboni anaishi kwa amani tu. Shida inaanza akihama, akafika kwenye tundu la mkojo na kupanda hadi kwenye kibofu. Na sisi wanawake safari yake ni fupi: mrija wetu wa mkojo una kama sentimita 4, wa mwanaume unakaribia 20. Ndiyo maana karibu nusu ya wanawake huugua angalau mara moja maishani, wasafi kwa wachafu.

Hilo la usafi nalisema kwa uchungu kidogo. Mara yangu ya pili, aliyenihudumia aliniambia "ongeza usafi". Nikarudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kujiosha hadi ndani kwa sabuni ya manukato asubuhi na jioni. Kumbe ukeni kuna bakteria walinzi wanaotunza hali ya uchachu ili wageni wasistawi, na mimi nilikuwa nawafagia mara mbili kwa siku. Maji matupu, nje tu, yanatosha. Na ukichamba, toka mbele kwenda nyuma, usirudishe mkono.

Kazi yangu ni ya kukaa dirishani kuhudumia watu. Nilikuwa sinywi maji makusudi ili nisiache foleni, na mkojo nikiusikia naubana hadi mchana. Mwaka ule nilitibiwa mara nne, kila mara dawa kali kuliko iliyopita, na mara mbili kati ya hizo sikupimwa chochote. Mara ya tatu niliacha dozi siku ya pili kwa sababu maumivu yalikata. Nilishaanza kujitangaza kuwa nina "UTI sugu".

Mara ya nne nikakutana na daktari aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: mkojo uliutoaje? Nikamwambia nilikojoa kwenye kikopo tangu tone la kwanza. Akatikisa kichwa. Mkojo wa mwanzo unazoa bakteria wa ngozi na wa ukeni, maabara inaona mchanganyiko, na wewe unaandikiwa dawa ya ugonjwa ambao pengine huna. Akanirudisha: nawa, tanua mashavu ya uke, acha wa kwanza uende zake, kinga wa katikati, kisha upeleke maabara hapo hapo. Halafu akaagiza uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara ili ijulikane ni yupi na dawa gani inamuua. Majibu yalichukua siku mbili, nami nilikasirika kungoja, lakini yalionyesha E. coli sugu kwa dawa mbili kati ya zile nilizokwisha kumeza. Nikapewa antibiotiki iitwayo nitrofurantoini ya siku 5, nikaimaliza yote. Tulipopitia historia yangu akaniambia pia kwamba ile mara ya pili, nilipokuwa na muwasho na uchafu mzito mweupe, inaelekea walikuwa fangasi. Antibiotiki haiwagusi, na huweza hata kuwachochea.

Kwa hiyo vidonge vya shoga yako, hapana. Hujui kama mdudu wako ni wake, na mabaki hayatoshi dozi.

Kilichonisaidia zaidi ni maji, na sisemi kwa hisia tu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 wenye tatizo letu, wote wakiwa wanakunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku. Kwa mwaka mmoja hao waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao 3.2. Sasa chupa iko mezani, na foleni inangoja nikienda msalani. La pili, tuliacha jeli ya kuua mbegu za kiume, kwa sababu nayo huwaua wale walinzi. Kukojoa baada ya tendo nafanya pia. Ushahidi wake si mkubwa, ila hakuna hasara. Waliokoma hedhi waulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya ukeni, inasaidia kweli.

Mumeo hahitaji kutibiwa kwa UTI yako, si ugonjwa wa zinaa. Ila kama naye anachomwa, au mmoja wenu anatokwa na usaha, pimeni kisonono na klamidia wote wawili.

Homa, kutetemeka, kutapika, au maumivu ya mgongoni chini ya mbavu maana yake huenda imefika kwenye figo: nenda siku hiyo hiyo. Mjamzito naye asisubiri, hata kama bakteria wameonekana tu kwenye kipimo na hasikii kitu. Asiye mjamzito na asiye na dalili yoyote kwa kawaida haandikiwi dawa kwa sababu ya karatasi tu, isipokuwa anasubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Na kesho ukienda, toa mkojo kabla hujameza kidonge chochote. Dozi moja tu inaweza kufanya bakteria wasiote maabara, ukaambiwa huna kitu huku unaungua.